Mashine Niliyoiacha Inawaka

Vijana wangu wa karakana,

Siku mliyoniaga mlinitaka niseme machache. Nikasimama, nikashukuru kwa pilau, nikakaa. Si kwamba sikuwa na la kusema. Nililokuwa nalo halikufaa kusemwa juu ya meza yenye soda na keki. Sasa nimestaafu, asubuhi zangu ni ndefu, na kuku wangu hawanisikilizi, basi nimeona niandike.

Vyeo nitaviruka. Vilikuwa vichache na vilichelewa. Mishahara mnaijua wenyewe.

Niliingia kazini Kilindoni nikitoka kidato cha nne. Kanuni za umeme nilizijua kwa kichwa, lakini pasi ya kuchomelea nyaya sikuwahi kuishika. Siku ya kwanza nilivaa viatu nilivyoazima kwa kaka yangu, vimepigwa kiwi mpaka vinang'aa. Fundi Shomari, aliyekuwa mkuu wa karakana, aliviangalia viatu kabla hajaniangalia mimi.

"Umekuja kazini au umekuja kuposa?"

"Kazini, fundi. Shikamoo."

"Marahaba. Vua. Kuna betri hapa zimeota kutu, na tindikali haina habari na kiwi."

Fundi Shomari alikuwa mtu wa masikio na pua. Redio mbovu aliiwasha, akagusisha ncha ya bisibisi ndani yake, akaweka mpini sikioni na kufumba macho kama anayesikiliza mgonjwa. Transfoma iliyoungua aliijua kwa harufu akiwa bado mlangoni. Alinifundisha hivyo hivyo, nami kwa miaka mingi niliamini kwamba kisichosikika hakipo. Alinifundisha pia sheria moja ambayo hakuwahi kuieleza, kwa kuwa kwetu haikuhitaji maelezo: adhana ikilia, unazima kila kitu, unachomoa antena, unafunga mlango, unakwenda kusali. "Redio haitakuombea," alikuwa akisema. Sheria hiyo iliingia mikononi mwangu mpaka mikono ikawa inaitekeleza bila kuniuliza.

Nyinyi mmekuta mambo yamebadilika, kwa hiyo nieleze yalivyokuwa. Kwenye zahanati ya Juani, kisiwa kidogo ng'ambo yetu, simu za mkononi zilishika kwa kubahatisha. Nesi alipotaka boti ya wagonjwa alitumia redio kol. Redio ile ilikuwa na nguvu ndogo, sauti yake haikufika Kilindoni. Ilipokewa na mlingoti wetu nje ya Kiegeani, ambao chini yake mnakijua kile kibanda chenye repita. Repita inasikia sauti hafifu, inairusha upya kwa nguvu, hospitali inasikia na nahodha wa boti anasikia. Repita isiposikia, Juani imekuwa bubu. Na ubaya ni kwamba bubu mwenyewe hajui. Anabonyeza, taa nyekundu inawaka, anadhani dunia nzima inamsikiliza.

Nesi wa Juani alikuwa Sista Devota, mtu wa nyanda za juu, aliyekuja kwetu akiwa hajawahi kuona maji yasiyo na ng'ambo. Mwanzoni alivuka akiwa amefumba macho na kushika ukingo wa mtumbwi kwa mikono miwili. Alipozoea, akawa anawakemea wavushaji wanaochelewa. Huyu ndiye aliyeniambia, siku moja alipofika Kilindoni kuchukua dawa:

"Fundi Athumani, redio yangu ina saa zake za kufa. Mchana inakufa, baadaye inafufuka. Alasiri hivyo hivyo."

Nilikwenda Juani na mita na betri ya akiba. Nikapima betri, nikapima waya, nikapanda kuangalia antena. Nikaita Kilindoni, wakajibu mara moja. Ilikuwa asubuhi, maana nilifuata maji yaliyonifaa. Ilipoadhiniwa adhuhuri nikazima, nikachomoa, nikaenda kusali. Niliporudi nikaita tena, wakajibu tena.

"Sista, redio hii nzima."

"Sasa hivi nzima."

"Labda unaishika vibaya. Antena isimame hivi, isilale."

"Fundi, mimi nashika watoto wanaotoka tumboni kwa mama zao. Redio ndiyo nitashindwa kuishika?"

Nilicheka. Kisha nikaandika kwenye taarifa kwamba redio ni nzima na tatizo ni mtumiaji. Niliiandika sentensi hiyo kwa mwandiko mzuri kabisa, kwa sababu nilikuwa na haraka ya kuwahi maji na kazi ilikuwa imekwisha.

Baadaye, alasiri moja, mama wa Juani aitwaye Mwanahawa alikwama katika uzazi. Sista Devota akaita boti. Akaita, akaita, hakuna aliyejibu. Akaiacha redio, akakimbia pwani kumtuma mtu kwa mtumbwi mpaka Utende, upande wetu wa maji. Aliporudi akabonyeza tena, na safari hii Kilindoni wakajibu mara moja, kama kawaida yao. Boti ilikwenda. Mwanahawa alinusurika. Mtoto hakunusurika.

Mpokeaji wa redio pale Kilindoni alisema ukweli wake. Alikuwa amesali alasiri pale pale chumbani, redio ikiwa wazi, na hakusikia kitu. Wito wa kwanza aliusikia watu wakiwa wameshatoka msikitini. Kwa hiyo ikaonekana sista alichelewa kuita na sasa anatafuta pa kujificha. Kule Juani maneno yalikwenda mbali zaidi, yakasema alikuwa amelala. Wakubwa wake wakamtaka ajieleze, wakapanga kikao. Jawabu lake lilikuwa moja tu: "Niliita." Na karatasi iliyowekwa mezani kumpinga ilikuwa ile yenye mwandiko wangu mzuri.

Siku hizo hizo akafika Injinia Mathias kutoka Dar es Salaam, amebeba sanduku gumu jeusi. Ndani yake mlikuwa na spektra analaiza, mashine ya kupimia mawimbi ya redio, ya kwanza kuiona maishani mwangu. Alitumwa kukagua milingoti ya pwani na kunifundisha mimi kuitumia. Nilimwomba tuanzie Kiegeani. Msidhani nilianza kumwamini sista. Nilitaka mashine kutoka Dar ithibitishe taarifa yangu.

Mathias alikuwa na umri wa mwanangu wa kwanza. Akaiweka analaiza juu ya ndoo iliyofudikizwa, akafunga antena, akaiwasha.

"Mzee, hii haisikilizi," akasema. "Hii inaona."

Chini ya kioo ukatokea mstari wa kijani, unatetemeka. Akaniambia zile wanaziita nyasi. Ni kelele ndogo za kawaida, za hewa na za mashine yenyewe. Nyasi zikiwa chini, hewa ni safi. Chochote kinachosema kinachomoza juu ya nyasi, kama mnazi shambani.

Akazungusha kitufe, na minazi ikaota mbele ya macho yangu. Stesheni za Dar. Stesheni za Unguja. Meli iliyokuwa ikipita mbali nje ya kisiwa, ambayo hata kwa darubini tusingeiona. Kisha Mathias akahamia masafa ya ndege, akaniambia nitulie. Mara mnazi ukasimama, ukaanguka, ukasimama. "Rubani huyo," akasema, "anaomba kushuka Kilindoni. Akibonyeza unasimama, akiachia unaanguka." Haikupita muda ndege ndogo ikapita juu yetu imeshusha magurudumu.

Nilitoka nje ya kibanda nikaangalia juu. Mbingu ilikuwa tupu, mawingu kidogo na kunguru mmoja. Nikarudi ndani, kioo kimejaa. Nikatoka tena.

"Mzee wangu, kaa," Mathias akasema. "Mashine haikimbii."

Nilikaa, lakini moyo haukukaa. Miaka yangu yote ya kazi nilikuwa nikitembea katikati ya umati wa watu wanaozungumza, nami nikidhani niko peke yangu na bisibisi yangu. Nilisema subhanallah, nikasikia sauti yangu imekuwa kama ya mtoto.

Kujifunza kwenyewe hakukuwa na heshima yoyote. Siku ya kwanza nilibonyeza redio kol karibu na antena ya mashine, Mathias akaruka kama aliyeumwa na siafu, maana nguvu ile ingeweza kuunguza macho yake, yaani ya mashine. Siku ya pili niligundua kelele kubwa ya ajabu, nikaifuatilia kibanda kizima mpaka nikaikuta mfukoni mwangu: simu yangu. Siku nyingine niliamua kwamba mkosaji ni friza ya Bwana Nassor, mwenye duka karibu na mlingoti. Bwana Nassor ni katika zile familia ambazo babu zao walitoka Omani, mtu mpole, muuza barafu na maji baridi. Nilimfanya azime friza tangu asubuhi. Nyasi hazikushuka hata unywele. Lambalamba za watoto ziliyeyuka zikawa sharubati, naye akawa ananisalimia kwa kidevu tu.

Na kila adhana ilipolia, mikono yangu ilizima, ikachomoa, ikafunga. Mathias ni Mkristo, lakini kwa adabu aliacha kazi pamoja nami, akaenda kutafuta wali kwa mama ntilie. Tukirudi tunawasha upya, tunaangalia, hewa ni safi kama shuka iliyofuliwa.

"Mzee, labda taarifa yako ni sahihi," aliniambia mwishoni. Nilifurahi kusikia hivyo. Leo furaha ile naikumbuka na kuona haya.

Akaitwa Dar kwa jambo la haraka, akaniachia mashine niendelee na mazoezi. Kabla hajaondoka alinionyesha kitufe kimoja cha kushika kilele. Ukikibonyeza, unatokea mstari wa pili, wa manjano, ambao unabaki pale juu kabisa kitu kilipofika, hata kama chenyewe kimeshaondoka. Ni kama alama ya maji ukutani baada ya bamvua. Bahari imesharudi, lakini ukuta unakuambia ilifika wapi.

Kesho yake nilikwenda Kiegeani peke yangu. Nilitumia asubuhi nzima kupanga mashine: masafa ya kupokelea ya repita katikati ya kioo, upana hivi, kasi vile. Kila nilipogusa kimoja, kingine kilihama. Karibu na adhuhuri ndipo kila kitu kilikaa mahali pake, na mstari wa manjano ukiwa umelala juu ya wa kijani. Adhana ikalia. Mkono ukaenda kwenye kitufe cha kuzima, nikaurudisha. Niliogopa kwamba nikizima, mipango yangu yote itapotea nianze upya kesho. Hiyo ndiyo sababu. Msimwamini atakayewaambia nilikuwa na akili siku hiyo. Nilikuwa mwanafunzi mwoga wa vitufe. Nikafunga mlango, nikaiacha inawaka.

Nilirudi kutoka msikitini na maji ya udhu hayajakauka vizuri miguuni. Kwenye kioo mstari wa kijani ulikuwa chini, umetulia. Wa manjano ulikuwa juu, juu sana, mgongo mpana uliofunika kioo chote kutoka upande huu hadi upande ule. Hakukuwa na kitu pale, lakini kitu kilikuwa kimepita. Mimi nilikuwa nimesujudu, na mashine ilikuwa imekaa macho.

Nikampigia simu Mathias.

"Injinia, nadhani nimeiharibu."

"Umefanya nini, mzee?"

"Sijafanya kitu. Nilikwenda kusali."

"Uliiacha inawaka?"

"Nisamehe. Niliogopa kupoteza mipango."

Nikamweleza ninachokiona. Akasema, "Mzee, tumeangalia hewa ya pale kila saa isipokuwa ya sala. Leo alasiri usiende."

"Nisiende wapi?"

"Msikitini, mzee wangu. Naomba radhi kusema hivyo."

Niliona bora nimwambie Maalim Kombo mwenyewe, imamu wa msikiti ule mdogo ulio hatua chache kutoka kwenye mlingoti. Jina la msikiti silitaji, na mkisoma mpaka mwisho mtaona hauna kosa. Nilimkuta barazani anashona kamba ya kiatu.

"Shikamoo Maalim."

"Marahaba mwanangu."

"Leo alasiri naomba nisisali na jamaa."

"Unaumwa?"

"Siumwi. Kuna kitu nataka kukiangalia nyinyi mkiwa ndani."

"Kitu gani?"

"Sijui bado. Kikiwepo nitakuambia. Kisipokuwepo nitaona aibu peke yangu."

"Na sala yako?"

"Nitaisali baada yenu, wakati ukiwa haujatoka."

Akafikiri, akakata uzi kwa meno. "Basi kaangalie. Ila usisimame karibu na mlango, watu wasije wakadhani nimekuweka uhesabu waliokuja."

Alasiri nilikaa mbele ya kioo. Nyasi chini. Repita kimya. Mara nyasi zote zikapanda kwa pamoja, kimyakimya, kama maji yanavyojaa lakini kwa pumzi moja, zikafika pale pale ulipokuwa mgongo wa manjano. Kisha ndipo nikasikia kutoka msikitini: tk, tk, kidole cha mwadhini kikigonga maikrofoni. Kisha adhana.

Nikategea sikio spika ya repita. Hakuna kitu. Hata mvumo haukuwepo, maana repita ikizidiwa na kelele ya namna ile hainung'uniki, inanyamaza tu. Masikio ya Fundi Shomari na bisibisi yake yasingepata kitu pale mpaka kiyama. Lakini mbele yangu niliona ukuta umejengwa hewani, na upande wa pili wa ukuta ndiko iliko Juani. Nikamwona sista amesimama na redio mkononi, antena imesimama wima kama nilivyomfundisha, taa nyekundu inawaka.

Kisha nikachukua antena ya kutafutia upande, ile yenye vijiti vinavyopungua urefu kama mfupa wa samaki, nikaibeba nje pamoja na mashine. Ndio kwanza watu walikuwa wanaingia kusali.

"Athumani!" mmoja akaita. "Samaki umemla peke yako, unatuletea mfupa?"

"Mwacheni," akasema mwingine. "Fundi anatafuta kibla kwa mashine."

Bwana Nassor akapita na kofia yake nyeupe. "Friza yangu imezimwa," akasema bila kusimama. "Usinitazame."

Wakaingia. Nikazunguka na mfupa wangu. Upande wa duka, nyasi zikashuka. Upande wa barabara, zikashuka. Upande wa msikiti zikapanda, na kila hatua niliyosogea zikapanda zaidi, mpaka nikajikuta nimesimama chini ya dirisha la nyuma. Ndani jamaa walikuwa wamesujudu, safu kwa safu, nyayo zao zimenielekea. Mbele yao, kwenye rafu, kulikuwa na kisanduku cha bluu chenye taa ndogo ya kijani: inveta, inayogeuza umeme wa betri za sola ili amplifaya na spika zifanye kazi. Waliiwasha kabla ya kila adhana na kuizima baada ya sala, ili betri zisiishe. Kwa hiyo katika kisiwa kizima, pale ilipokuwa ikipiga kelele ndipo kila mtu mwenye uwezo wa kuikamata alipokuwa ameweka paji la uso chini. Kosa la namna hii lisingefichika kwa watu wavivu wa sala.

Nilisali peke yangu walipotoka. Kisha nikamwomba Maalim, na mwadhini akawasha na kuzima inveta mimi nikimwonyesha Maalim kioo. Ikiwashwa, nyasi juu. Ikizimwa, chini. Jamaa wakajaa nyuma yetu.

"Ile nimeitoa mimi," Bwana Nassor akasema. "Mpwa wangu aliileta kutoka Maskati. Fundi, una ugomvi gani na vitu vyangu?"

Nikawaeleza repita ni nini, na Juani inasikikaje. Nikawaambia mtu wa Juani akiita wakati huu ni kama anayenong'ona mbele ya mashine ya kukoboa. Sikutaja jina la mtu. Maalim ndiye aliyeuliza.

"Yule mtoto wa Mwanahawa. Ilikuwa alasiri, siyo?"

"Alasiri, Maalim."

"Yaani sisi tukiwaita watu waje..." Akafuta uso kwa kiganja.

Bwana Nassor aliingia ndani mwenyewe. Akachomoa nyaya moja moja, akatoka na kisanduku cha bluu, akaniwekea mikononi kama mtu anayekabidhi kitu kilicho moto. "Chukua," akasema. "Sitaki kukiona mpaka uniambie kimetulia."

Siku zilizofuata adhana ya pale iliitwa kwa koo tupu, mwadhini amesimama nje na mkono sikioni. Bibi mmoja jirani alisema ndiyo kwanza anaisikia vizuri. Kisanduku tulikifungua. Vichujio vya kuzuia kelele havikuwemo, nafasi zake zilikuwa wazi kwenye ubao. Mathias alituma kwa ndege inveta nyingine iliyopimwa, pamoja na pete nyeusi za kuvisha kwenye nyaya, tukafupisha na nyaya zenyewe, maana zilitambaa ukutani ndefu kama antena. Haya mengine mnayajua, mmeyafanya wenyewe kwenye misikiti, makanisa na vibanda vya kuonyeshea mpira.

Kikaoni niliomba kusimama. Nikasema taarifa ile niliiandika mimi, na kwamba si kweli, ingawa nilipoiandika sikujua kama nasema uongo. Nikawaonyesha picha za kioo. Nikasema redio ilikuwa nzima, na mtumiaji alikuwa mzima, na mzembe alikuwa fundi aliyeulizwa kuhusu mchana na alasiri akaenda kupima asubuhi. Wakamfutia sista mashtaka yote. Niliona ni jambo kubwa limekwisha. Nikapanda mtumbwi kwenda Juani kumwambia, nikiwa hata na tabasamu.

Nilimkuta anapanga chupa za dawa. Nikamweleza inveta, nyasi, mgongo wa manjano. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo niliita," akasema.

"Uliita, sista."

"Mimi nilijua kwamba niliita, fundi. Ninyi ndio mlikuwa hamjui." Akaweka chupa nyingine kwenye rafu. "Umemwambia Mwanahawa?"

"Nilidhani wakubwa wako..."

"Wakubwa wangu hawapiti hapa kila maji yakitoka kwenda kwenye mwani na kunigeuzia uso. Yeye hupita. Nyumba yake ni ile pale. Kamwambie."

Ile nyumba niliiona, na miguu haikwenda. Nilitengeneza sababu: maji yanajaa, mvushaji ananisubiri. Nilipaswa kwenda. Mpaka leo, katika yote niliyoacha kuyafanya kazini, mlango ule ndio unaonirudia.

Sista alinitazama, akaelewa. "Basi kesho alasiri uwe kwenye mlingoti wako," akasema. "Na hiyo mashine yako inayoona."

Kesho yake nilikuwa kibandani Kiegeani na redio kol mkononi, antena ya mashine nimeiweka mbali nayo. Mwadhini aligonga maikrofoni, tk, tk, akaadhini kwa spika, sauti imejaa kijiji. Nilikuwa nimeukazia macho mstari wa kijani. Haukusogea. Nyasi zililala chini kama kwamba hakuna kitu kilichowashwa. Nikangoja. Jamaa wakaingia, sala ikaanza.

Ndipo katikati ya kioo ukaota mnazi mmoja, mwembamba, mahali pa Juani hasa. Niliuona kabla sijasikia.

"Kiegeani, Kiegeani, hapa Juani. Mnanisikia?"

"Tunakusikia, sista. Vizuri kabisa."

"Nipo na Mwanahawa. Nampa."

Mnazi ukaanguka. Ukasimama tena, na safari hii haukuleta sauti. Fundi Shomari angesema redio imekwama. Mimi niliona ni mtu amebonyeza na hajapata la kusema. Ulikuwa mdogo sana. Ungetosha kufunikwa na chochote. Siku ile nao ulikuwa umesimama hivi hivi, chini ya kelele zetu, mara nyingi, bila mtu wa kuuona. Nikashika ukingo wa ndoo.

"Mnanisikia?" Sauti ya mwanamke nisiyemjua.

"Tunakusikia, mama."

"Na siku ile?"

"Siku ile sista aliita, mama. Sisi ndio hatukusikia."

Mnazi ukabaki umesimama. Nyuma yake, kwa mbali, alilia kuku wa Juani.

"Haya," akasema, na mstari ukashuka.

Wakati wa sala ulikuwa bado upo. Nilitoka, nikafunga mlango, nikaenda kutawadha, na mashine nikaiacha inawaka.